UCHAMBUZI: Tusipogharamia maabara zetu, bakteria sugu watazidi kutuua hospitalini

UAMUZI wa serikali ya Uingereza wa kusitisha ufadhili wa Hazina ya Fleming, uliotangazwa Julai 2025, si habari ya kuwasisimua wanasiasa jukwaani. Hata hivyo, kwa wanaofahamu yanayotendeka katika wodi za hospitali zetu, hiyo ni habari nzito.

Hazina hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 2015 na kutengewa pauni milioni 265 ilisaidia zaidi ya nchi 20 za Afrika na Asia, Kenya ikiwemo, kuimarisha maabara za kuwatambua bakteria wasiosikia dawa. Ilipewa jina la Alexander Fleming, mwanasayansi mzaliwa wa Scotland aliyegundua penisilini mnamo 1928. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945, Fleming alionya kwamba bakteria wanaopewa dawa kwa kiwango kisichotosha kuwaua huweza kuizoea.

Mwezi uo huo wa Julai 2025, USAID, shirika la misaada la Marekani lililokuwa likifadhili shughuli nyingi za afya humu nchini, lilifungwa rasmi. Nguzo mbili zilizokuwa zikiegemewa na maabara za umma zikawa zimetikisika kwa pamoja.

Swali ambalo serikali kuu na serikali za kaunti haziwezi kulikwepa ni hili: ni nani sasa atakayelipia kazi ya kuwatambua bakteria wanaowaua wagonjwa hospitalini, na kubaini ni dawa ipi ambayo ingali na uwezo wa kuwaangamiza?

Gharama hiyo haifai kuachiwa wafadhili, wala haifai kutwikwa mgonjwa. Ni gharama ya umma, kama ilivyo gharama ya chanjo, kwa sababu faida yake kubwa huwaendea watu wengine kabisa ambao hata bado hawajalazwa.

Ugonjwa wa kupatia hospitalini

Mwananchi anapoingia hospitalini hutarajia kutoka akiwa na nafuu. Lakini wapo wanaoingia na ugonjwa mmoja, kisha wakaambukizwa mwingine humo humo. Viini hupenya kupitia kidonda cha upasuaji, sindano ya mshipani, mrija wa mkojo au mashine ya kupumulia. Vingine husafirishwa kwa mikono ya wahudumu kutoka kitanda kimoja hadi kingine, au hujificha katika masinki na vifaa visivyosafishwa ipasavyo.

Bakteria wa hospitalini si sawa na wale wa mtaani. Wameishi katika mazingira ambamo dawa kali hutumika kila siku, na waliosalia ni wale walioweza kuzihimili. Aidha, baadhi yao hupitisha jeni za usugu kwa wenzao, hata wa aina tofauti, mithili ya majirani wanaoazimana chumvi.

Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Wilaya ya Kilifi, kama ilivyojulikana wakati huo, kati ya 2002 na 2009 na kuchapishwa 2011 katika jarida la The Lancet, ulionyesha uzito wa jambo hili. Kati ya watoto walioambukizwa bakteria wa damu wakiwa hospitalini, asilimia 53 walifariki. Miongoni mwa waliofika hospitalini wakiwa tayari wana bakteria katika damu, waliofariki walikuwa asilimia 24. Kwa watoto ambao hawakupatikana na bakteria katika damu, idadi hiyo ilikuwa asilimia 6.

Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya watoto walioambukizwa wakiwa chini ya ulinzi wa hospitali hawakurudi nyumbani. Miongoni mwa bakteria waliohusika sana ni Klebsiella pneumoniae, E. coli, Staphylococcus aureus na Acinetobacter.

Hali hiyo si ya Kilifi pekee. Utafiti mwingine uliochapishwa 2023 uliwafuatilia watoto wachanga wapatao 3,200 walioshukiwa kuwa na maambukizi ya damu katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya ikiwemo. Bakteria aliyeonekana mara nyingi zaidi alikuwa yule yule Klebsiella pneumoniae.

Kote duniani, watafiti walikadiria kwamba watu milioni 1.27 walifariki mwaka wa 2019 kutokana moja kwa moja na bakteria waliohimili dawa. Vifo vilivyohusishwa na bakteria hao kwa namna moja au nyingine vilikuwa milioni 4.95. Afrika kusini mwa Sahara ndilo eneo lililoumia zaidi.

Kilichoonekana baada ya kutafutwa

Jambo la kuzingatia ni kwamba takwimu za Kilifi zilipatikana kwa sababu palikuwa na maabara. Kituo cha utafiti cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, kwa ushirikiano na wakfu wa Wellcome wa Uingereza, kilikuwa kikipima damu ya watoto waliolazwa.

Mnamo 2005, watafiti hao walitangaza matokeo yaliyowashangaza wengi. Kati ya watoto waliofariki hospitalini humo, asilimia 26 walikuwa na bakteria katika damu walipolazwa, ilhali malaria ilipatikana kwa asilimia 22. Eneo la Pwani lilikuwa likihesabiwa kuwa ngome ya malaria, na homa ya mtoto ilichukuliwa kuwa ni malaria hadi ithibitike vinginevyo. Kumbe muuaji mwingine alikuwa akipita mlango huo huo bila kuonekana.

Ni hospitali ngapi katika kaunti 47 zilizo na uwezo wa kutafuta jinsi Kilifi ilivyotafuta? Uchunguzi uliochapishwa 2022, na ambao ulihusisha nchi 14 za Afrika, Kenya ikiwemo, unatoa picha ya kutamausha. Kati ya maabara zaidi ya 50,000 zilizochunguzwa katika nchi hizo, ni asilimia 1.3 pekee zilizokuwa zikipima bakteria.

Maabara nyingine zote zilikuwa zikipima malaria, virusi vya ukimwi, kisukari, wingi wa damu na mengineyo yenye umuhimu wake. Lakini mgonjwa aliyelala na homa isiyokoma baada ya upasuaji hasaidiwi na kipimo cha malaria.

Matokeo yake ni kwamba daktari hulazimika kubahatisha. Huanza kwa seftriaksoni, dawa ya sindano inayotumika sana katika hospitali zetu. Siku mbili zikipita bila nafuu, hubadilisha. Akifika kwenye meropenemu, ambayo ni ya kundi la karbapenemu, huwa amekaribia mwisho wa kabati la dawa.

Lawama kwa daktari huyo si za haki. Mgonjwa mwenye bakteria katika damu huweza kufariki katika muda wa saa chache, na kusubiri hakuna maana. Tatizo ni kwamba daktari hana ramani, na kila anapobahatisha kwa dawa kali zaidi, anawapa bakteria fursa nyingine ya kuizoea.

Jinsi bakteria anavyofichuliwa

Kazi ya kumfichua bakteria sugu si ya kimiujiza, na wala haihitaji mitambo ya kutisha. Huanzia kitandani. Mhudumu husafisha ngozi ya mgonjwa kwa makini, kisha huchota damu na kuitia katika chupa yenye lishe ya bakteria. Kwa mtu mzima huhitajika mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Kwa mtoto hutosha mililita 1 hadi 3.

Chupa hiyo huwekwa kwenye joto linalokaribiana na la mwili wa binadamu kwa muda wa hadi siku tano. Kama kuna bakteria hata wachache, huzaana na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi ambayo mashine huitambua. Pasipo na mashine, mtaalamu hutazama chupa kila siku kuona kama imechafuka.

Ishara ikionekana, tone hupakwa rangi maalumu na kutazamwa kwa hadubini. Katika saa hiyo ya kwanza tu, daktari huweza kuambiwa kama bakteria huyo ni wa mviringo au wa umbo la kijiti, na kama ni wa kundi linalotibiwa kwa dawa hizi au zile. Kisha bakteria huoteshwa kwenye visahani vyenye rojo ya lishe ili atambuliwe kwa jina.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha mada hii. Bakteria husambazwa sawasawa juu ya kisahani kingine, na juu yake huwekwa vipande vidogo vya karatasi vya mviringo, kila kimoja kikiwa na kipimo maalumu cha dawa tofauti. Kisahani huachwa kwenye joto la takriban nyuzi 35 usiku kucha, kati ya saa 16 na 18.

Asubuhi, dawa inayofaa huwa imejizungushia duara lisilo na bakteria, na dawa isiyofaa huwa imezingirwa na bakteria hadi ukingoni. Mtaalamu hupima upana wa duara kwa milimita, kisha hulinganisha na majedwali yanayotolewa Marekani na Ulaya. Mbinu hii ilisanifishwa mwaka wa 1966 na ingali ikitumika kote duniani kwa sababu ni rahisi na ya kuaminika, mradi kanuni zifuatwe.

Ipo pia mbinu ya bei nafuu ya kuwanasa bakteria wa hatari zaidi, wale wanaotengeneza vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa za kundi la karbapenemu. Kipande cha karatasi chenye meropenemu hulowekwa kwa saa nne katika majimaji yenye bakteria anayeshukiwa. Kisha hutolewa na kuwekwa kwenye kisahani cha E. coli dhaifu ambaye kwa kawaida huuawa na dawa hiyo.

E. coli huyo dhaifu akiota hadi kwenye karatasi bila kudhurika, ni bayana kwamba dawa iliyokuwemo imeharibiwa na mshukiwa. Jaribio hili halihitaji mashine yoyote isipokuwa ile ya kuhifadhi joto. Linahitaji mtu aliyefunzwa, na vifaa visivyokosekana.

Umuhimu wake si wa kinadharia. Mnamo 2011 wanasayansi walichapisha ripoti ya kupatikana kwa Klebsiella pneumoniae mwenye kimeng'enya kiitwacho NDM-1 katika sampuli za wagonjwa wa hospitali moja ya Nairobi zilizokusanywa kati ya 2007 na 2009. Kimeng'enya hicho kilikuwa kimetambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Uswidi, kwa mgonjwa aliyekuwa ametibiwa India, mwaka wa 2008. Bakteria hao walikuwa wamekuwapo Nairobi kabla ya ulimwengu kukipa jina kimeng'enya chenyewe.

Hata hivyo, si kila kipimo ni rahisi. Kolistini, dawa ambayo hutumika wakati nyingine zote zimeshindwa, haipimiki kwa vipande vya karatasi kwani haisambai vyema kwenye rojo. Huhitaji mbinu ya kuichanganya katika vimiminiko vya viwango mbalimbali. Maabara inayoipima kwa karatasi huweza kumpa daktari matumaini ya uongo. Ndiyo maana uhakiki wa ubora wa mara kwa mara, kwa kutumia bakteria ambao majibu yao yanajulikana, ni sehemu ya kazi na si urembo.

Mnyororo unapokatikia

Iwapo mbinu ni rahisi hivi, mbona haitumiki kila mahali? Sababu ni nyingi na zimefungamana kama uzi wa buibui.

Kwanza, sampuli hazitumwi. Chupa za damu zinapokosekana kwa wiki kadhaa, madaktari huzoea kufanya kazi bila maabara, na hata zinaporejea hawazitumii. Maabara isiyopokea sampuli huonekana haina kazi, nayo hupunguziwa bajeti. Kwa hivyo vifaa hukosekana tena. Ni mduara ambao hauvunjwi kwa semina hotelini.

Pili, sampuli zinazotumwa huwa zimechelewa. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa tayari wamemeza dawa walizonunua dukani bila cheti cha daktari, licha ya sheria kukataza uuzaji huo. Bakteria huwa wamefifishwa kiasi cha kutoota katika chupa, lakini hawajafa. Jibu hurudi likisema hakuna kitu, na familia huamini pesa zao zimepotea bure.

Tatu, uchukuaji wa damu bila kusafisha ngozi ipasavyo huingiza bakteria wa ngozini katika chupa. Mgonjwa hutibiwa ugonjwa asiokuwa nao kwa dawa asiyoihitaji, na bakteria wengine mwilini mwake hujifunza.

Nne, ni mashine. Hospitali hupokea mtambo wa kisasa kwa mbwembwe na picha, lakini mitambo mingi ya aina hiyo hukubali kemikali za kampuni iliyoitengeneza pekee. Kemikali zinapokwisha au muda wake unapopita, mtambo hugeuka pambo. Mbinu ya karatasi na kisahani hudharauliwa kwa kuwa ya kizamani, ilhali ndiyo ambayo ingeendelea kufanya kazi.

Tano, majibu hayamfikii anayeyahitaji. Karatasi yenye jibu hukaa kwenye trei ya maabara Ijumaa jioni, na daktari wa zamu huipata Jumatatu. Maabara isiyo na simu ya kumpigia daktari mara bakteria anapoonekana kwenye hadubini imefanya nusu ya kazi.

Kuna athari nyingine ambayo aghalabu haizungumzwi. Damu inapopimwa kwa wagonjwa waliokwisha kushindwa na dawa mbili au tatu pekee, au kwa wale wenye uwezo wa kulipa, takwimu zinazopatikana hupotoka. Usugu huonekana mkubwa kuliko ulivyo miongoni mwa wagonjwa wote.

Katika ripoti yake ya Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mwaka wa 2023 kisa kimoja kati ya kila visa sita vya maambukizi ya bakteria yaliyothibitishwa maabarani duniani kilihusisha bakteria aliyehimili dawa. Katika kanda ya Afrika kilikuwa kimoja kati ya vitano. Zaidi ya asilimia 70 ya E. coli na Klebsiella pneumoniae katika kanda hii hawakuweza kuzuiwa na dawa za kundi la seftriaksoni.

Takwimu hizo zinatisha, na hazipaswi kupuuzwa. Lakini shirika lenyewe lilieleza kwamba takriban nusu ya nchi hazikuwasilisha takwimu za mwaka huo, na nyingi za zile zilizowasilisha zilikuwa na mifumo dhaifu. Nchi isiyopima kwa upana haijui kama inapaswa kuacha seftriaksoni au kuendelea kuitumia. Ikiiacha bila sababu, itakimbilia meropenemu na kuharakisha siku ambayo hata hiyo haitafaa.

Faida humwendea wa kesho

Hapa ndipo hoja kuu inapojitokeza. Majibu ya maabara huchukua siku mbili hadi tano. Kwa mgonjwa mahututi wa leo, wakati mwingine majibu hayo huja akiwa amepona au amezikwa. Wapo wanaouliza, kwa haki, kipimo hicho kina faida gani.

Faida ni kwamba majibu ya wagonjwa wa mwaka mzima yakikusanywa, hospitali hupata jedwali linaloonyesha ni bakteria gani wanaoishi katika wodi zake, na ni dawa gani zinazowaua. Daktari wa usiku, akimpokea mtoto mchanga anayehema, hatakuwa tena anabahatisha. Ataanza na dawa ambayo rekodi za wodi yake zinaonyesha kwamba ingali inafanya kazi. Majibu ya mgonjwa wa leo ndiyo ramani ya mgonjwa wa kesho.

Isitoshe, maabara ndiyo huweza kupiga kamsa. Watoto watatu katika wodi moja wakipatikana na Klebsiella wa aina moja ndani ya wiki moja, hilo si sadfa. Kuna sinki, chupa ya dawa au mikono inayomsambaza. Pasipo maabara, vifo hivyo vitatu vitaandikwa kuwa ni vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na cha nne kitafuata.

Iwapo faida kubwa ya kipimo humwendea mtu mwingine, basi si haki kumwambia mama aliyelaza mtoto akilipie kutoka mfukoni mwake. Akiwa na pesa chache atachagua dawa, na hakuna anayeweza kumlaumu. Lakini kila mama akichagua hivyo, hospitali nzima hubaki gizani.

Kwa sababu hiyo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, inapaswa kuhakikisha kwamba uchunguzi wa bakteria kwa mgonjwa aliyelazwa unalipiwa kikamilifu na kwa uwazi, bila kuchotwa kutoka kwa kiasi kilichotengewa kitanda au dawa za mgonjwa. Uchunguzi ukihesabiwa kuwa sehemu ya gharama ya kitanda, hospitali yenye uhaba wa fedha itauacha.

Yapo mabishano kwamba nchi yenye madeni na mahitaji mengi haiwezi kumudu. Wengine husema heri fedha hizo zinunue sabuni na maji, kwani kinga ni bora kuliko tiba. Hoja ya sabuni ni ya kweli: kunawa mikono huokoa maisha hospitalini, na hakuna maabara inayoweza kufidia bomba lililokauka.

Lakini sabuni na maabara si washindani. Maabara ndiyo huonyesha ni wodi ipi ambayo usafi umeshindwa, na kama hatua zilizochukuliwa zimezaa matunda. Mintarafu ya gharama, kisahani na vipande vya karatasi ni vya bei ndogo vikilinganishwa na siku kumi za ziada kitandani na dawa kali zinazotumiwa kwa kubahatisha.

Hakuna anayependekeza kila zahanati iwe na maabara ya bakteria. Mtaalamu anayepima sampuli mbili kwa wiki hupoteza ujuzi wake. Kinachofaa ni angalau maabara moja imara katika kila kaunti, na sampuli kusafirishwa hadi hapo. Kenya haihitaji kuanza upya: mitandao ya kusafirisha makohozi na damu kwa ajili ya kifua kikuu na virusi vya ukimwi ipo. Mashine za GeneXpert zilizoenezwa kwa ajili ya kifua kikuu pia zina katriji za kutambua jeni za usugu dhidi ya karbapenemu, zikinunuliwa.

Wajibu ni wa nani?

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Katiba iyo hiyo iligawa kazi: hospitali za kaunti ziko chini ya magavana, nazo hospitali za kitaifa za rufaa na sera ziko chini ya serikali kuu. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, mgawanyo huo umetoa mwanya wa kila upande kuunyoshea mwingine kidole.

Sera haikosekani. Kenya iliandaa sera ya kitaifa ya kukabiliana na usugu wa dawa mwaka wa 2017, pamoja na mpango wa utekelezaji wa miaka mitano. Mpango wa pili ni wa 2023 hadi 2027. Kwenye makaratasi, mambo ni shwari. Kinachokosekana ni mstari wa bajeti katika kila kaunti ulioandikwa bayana: chupa za damu, rojo, vipande vya karatasi vya dawa, uhakiki wa ubora, na mishahara ya wataalamu wa bakteria.

Katika mkutano wa ngazi ya juu wa Umoja wa Mataifa mnamo Septemba 2024, nchi wanachama ziliahidi kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu wa bakteria kwa asilimia 10 kufikia mwaka wa 2030. Vilevile zililenga angalau asilimia 80 ya nchi ziwe na uwezo wa kupima usugu wa viini muhimu kufikia mwaka huo. Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa hayo, na muda unayoyoma.

Mabunge ya kaunti yana nafasi ya kuonyesha makali. Wanapokagua bajeti ya afya, madiwani wasiridhike kuuliza idadi ya majengo na magari ya kubebea wagonjwa. Waulize maswali matatu mepesi. Mwaka uliopita, hospitali yetu ilipima damu ya wagonjwa wangapi kutafuta bakteria? Ni siku ngapi ambazo chupa zilikosekana? Na je, madaktari wetu wamepewa jedwali la dawa zinazofanya kazi katika wodi zao?

Kaunti isiyoweza kujibu maswali hayo haijui kinachowaua wagonjwa wake. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na asiyeyatafuta maradhi hana tofauti kubwa na anayeyaficha.

Wafadhili waliosaidia kujenga maabara wanastahili shukrani. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika suala hili neno kufa si fumbo. Visahani vilivyonunuliwa na Uingereza vitakwisha. Watoto wataendelea kuzaliwa, wajawazito wataendelea kupasuliwa, na bakteria hawatasubiri mwaka mwingine wa fedha uanze.